Mkanda wa Sita

9 Januari

Mpwa wangu, Bi Maswali,

Nakusalimu kwanza, kukugombeza kutafuata kwa utaratibu wake. Natumaini u mzima, unakula kwa wakati, na wenzako wa chumba cha kuhariri filamu wamekwisha kujifunza kwamba dirisha liliwekwa ili lifunguliwe. Huku hatujambo. Fundi cherehani wa hapa chini anakusalimu. Amemwoza binti yake wa mwisho, na tangu siku hiyo anashona polepole, kama mtu anayeogopa kuimaliza nguo. Kaburi la mama yako nimelipalilia mwanzoni mwa mwezi. Kazi ya saa moja ilinichukua asubuhi nzima, kwa kuwa magugu ya mwaka huu ni mabishi. Mimi mwenyewe sijambo, isipokuwa ngazi za nyumba hii zimeongezeka. Zamani zilikuwa kumi na nne.

Ukumbi wetu wa sinema umepata mpangaji. Baada ya kufungwa miaka tisa, sasa yanauzwa magodoro humo. Nimekwenda kuangalia. Viti vimeng'olewa na pazia limeondolewa, lakini juu katika ukuta wa nyuma yale matundu mawili ya projekta yangali yapo, hakuna aliyejishughulisha kuyaziba. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi, saa tisa alasiri, wakati wa onyesho la kwanza, nakwenda kukaa juu ya godoro lililopo karibu na ilipokuwa safu ya kumi. Muuzaji ni mama mmoja mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mzee, unanunua au unalala?"

Nikamjibu, "Nasubiri picha ianze."

"Basi isubirie kule kwenye ya bei nafuu. Hilo ulilokalia ni la maharusi."

Sasa tugombane. Ile filamu uliyoihariri nimeitazama kwenye runinga ya fundi. Pale pa mvua umekata vizuri. Lakini yule kijana amepigwa risasi mbili za kifua, kisha anazungumza dakika nne. Nimepima kwa saa. Anamsamehe baba yake, anamposa msichana, na bado anapata pumzi ya kueleza hati ya nyumba ilipo. Fundi alilia, mimi nilikasirika. Katika miaka thelathini na moja ya kuendesha mashine za sinema nimeona watu wakifa mara maelfu, na waliokufa vizuri ni wale waliokatizwa katikati ya jambo dogo, kama kufunga kamba ya kiatu.

Mchezo wetu usife. Ulipokuwa mtoto nilikusimulia kila filamu hadi karibu na mwisho, nikanyamaza, nawe ukalazimika kuutunga mkanda wa mwisho kwa akili yako kabla sijakuambia ulivyokuwa. Hii hapa: mwizi anaingia mchana katika nyumba ya kipofu. Kipofu ameketi mezani. Bila kugeuka anasema, "Umechelewa, chakula kimepoa." Malizia.

Naandika, kama kawaida, nyuma ya ratiba za zamani za ukumbi. Bado nina maboksi mawili. Ukiona jina la filamu usiyoijua, jisikitikie.

Mjomba wako.


3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini hali yako ni njema na magugu yamesalimu amri. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba chenye dirisha linalotazama karakana ya kupaka magari rangi, kwa hiyo kila siku naamka na rangi mpya. Leo dunia ni ya kijani. Dirisha la kazini tumelifungua. Bosi alisema litaingiza vumbi, nikamwambia mjomba wangu ameamuru, akauliza mjomba wangu ni nani, nikasema ni mtu aliyezima taa mbele ya watu mia nne kila siku na hakuna aliyemlalamikia. Mwambie fundi hongera ya binti. Kaburi la mama, ahsante. Najua ilikuwa zamu yangu.

Barua yako ilifika ikiwa na karatasi tatu. Nimezisoma zote, mbele na nyuma.

Kuhusu mwizi: mimi naona alikwisha kuja wiki iliyopita, akaiba redio, akashindwa kulala kwa kufikiria kipofu asiye na redio. Leo ameirudisha. Kipofu anajua nyayo zake. Wanakula pamoja, chakula baridi, wanasikiliza taarifa ya habari. Mwisho.

Nami nina langu. Nimeanza kuandika mswada wa filamu, wa kwanza ulio wangu mwenyewe, si wa kukatakata kazi za watu. Kuna mzee mmoja, alikuwa mpiga bendera wa treni. Nyekundu treni isimame, kijani ipite. Amestaafu, anaishi peke yake, mtu safi, mkali, hapendi maswali. Siku moja anapata bahasha ya hospitali. Haifungui. Anaiweka ndani ya kopo lake la chakula la kazini, analifunga, na kila alasiri anakwenda kukaa stesheni akiwa na lile kopo mapajani. Watu wanadhani amebeba chakula.

Hapo nimekwama. Namwandikia mistari, lakini hanisikii. Je, kama bahasha ina habari njema? Je, kama si yake, ameletewa kimakosa? Je, kama anajua kilichomo tangu mwanzo? Wewe umeona mikanda ya mwisho mingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mzee huyu afanye nini?

Ningekupigia simu, lakini naijua sheria yako: simu ni ya misiba na nyumba kuungua. Nasubiri barua.

Ngazi zako hazijambo?

Bi Maswali wako.


28 Februari

Mpwa wangu,

Nimepata barua yako na rangi zake. Nafurahi kwa dirisha. Hapa kwetu mvua imenyesha siku tatu, fundi ameweka ndoo kando ya cherehani na anasema sasa ana mwenzake wa kupiga naye ngoma. Yule mama wa magodoro amenizoea. Alhamisi iliyopita alikuja kuketi kando yangu kwa dakika chache, akautazama ukuta mtupu, akauliza, "Leo wanaonyesha nini?" Nikamsimulia filamu nzima ya jambazi mwenye kigugumizi. Mteja alipoingia alimwambia, "Subiri kidogo, wanataka kumnyonga."

Mkanda wako wa kipofu si mbaya. Ila hukutuambia chakula kilipikwa na nani. Ukimweka kipofu peke yake mezani mbele ya chakula kilichopoa, mtazamaji atauliza. Nadhani alipika mwenyewe, kwa watu wawili, kila siku, kwa mazoea. Ukiyaweka hayo, mwizi hahitaji kurudisha redio. Arudi tu.

Sasa mzee wa bendera. Nitakuwa mkali, kwa kuwa umeniuliza.

Bahasha iliyoletwa kwa mtu asiye mwenyewe ni hila ya wavivu. Nimeona filamu kumi na moja za namna hiyo, na katika zote kumi na moja watu walianza kutoka kabla taa hazijawaka. Habari njema nayo haifai. Mtu hafichi habari njema ndani ya kopo. Lakini unakosea pia kudhani kwamba lazima afungue. Kwa nini afungue? Mtu akikaa stesheni na kopo mapajani, yupo. Anaona treni, anasikia kengele, anajua leo ni Alhamisi. Akilifungua, filamu inakuwa ya kopo, siyo yake tena. Watakuja madaktari, watakuja ndugu wenye nyuso ndefu, naye atageuka kuwa mgonjwa katika picha aliyokuwa yeye ndiye nyota wake.

Nitakuambia jambo nililojifunza katika chumba cha projekta. Mtu mmoja alikufa mbele yangu mara tatu kwa siku, wiki nzima: saa kumi na nusu, saa moja na nusu na saa nne. Na kesho yake saa tisa kamili alikuwa anaingia mlangoni akipiga mluzi, kofia kichwani, hana habari. Nilimwonea wivu. Hakuwa na ujasiri wowote. Alikuwa tu hajafika kwenye mkanda ule. Sisi tunaopewa picha moja, bila kurudisha nyuma, tuna haki ya kukaa katika mikanda ya katikati kwa kadiri mashine itakavyoturuhusu.

Mzee wako asifungue. Mwache akae na treni zake.

Ngazi hazijambo, ahsante.

Mjomba wako.


19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nakutakia afya njema, na safari hii si maneno ya kufungulia barua.

Habari za huku ni chache. Karakana imepaka basi zima rangi nyekundu na chumba changu kimekuwa kama jiko. Kazini tunamaliza filamu ya harusi ya tajiri mmoja. Bwana harusi ameomba tumpunguze tumbo. Basi.

Nimeandika barua hii mara nne. Karatasi ya tatu ya barua yako ya Januari haikuwa ratiba ya sinema. Mbele uliandika habari za mwizi na kipofu. Nyuma kulikuwa na maandishi ya hospitali: ukurasa wa pili kati ya mbili. Mgonjwa alitakiwa kufika tarehe 14 Desemba kwa upasuaji wa mlango wa moyo. Anashauriwa asichelewe, kwani kila mwezi unaopita unapunguza nafasi. Na juu yake mhuri: HAKUFIKA.

Ulichukua karatasi ya kopo lako bila kuangalia, Mjomba.

Nilijua tangu Januari na sikusema. Niliona haya. Nikajificha nyuma ya mzee wa bendera nikidhani utajiona mwenyewe na utaona aibu kabla yangu. Badala yake ukanijibu, "Mwache akae na treni zake." Nililia kazini. Bosi alidhani ni kwa ajili ya tumbo la bwana harusi.

Unaijua methali ya mficha maradhi. Wewe ndiye uliyenifundisha. Sitaimalizia.

Nami nina kopo langu, nilifungue ili tusidaiane ukweli. Mama alipougua nilimwandikia, "Nikimaliza filamu hii nitakuja." Filamu iliisha Jumanne. Yeye aliondoka Jumapili iliyotangulia. Mara ya mwisho namba yako kutokea kwenye simu yangu ilikuwa siku hiyo. Tangu wakati huo sijaja hata kupalilia. Kila barua nakuambia kazi ni nyingi. Kazi si nyingi.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza. Nilipokuwa na miaka sita, wiki chache baada ya baba kufariki, ulituingiza sinema bure, mimi na mama. Nakumbuka nimekaa mapajani mwake. Nakumbuka mtu alikufa, ukumbi ukawa kimya, halafu yule yule akaingia mlangoni akicheka, watu wakapiga makofi na mama akapiga makofi. Kisha taa zikawaka. Mama alikuwa akiisimulia miaka yote kama kichekesho: siku mjomba wako alipochanganya mikanda na kumfufua maiti. Lakini katika barua yake ya mwisho kwangu aliandika, "Filamu ile ilikuwa na mikanda sita, sisi tulioneshwa mitano. Wa sita una nini, hilo ni la mjomba wako kukusimulia."

Mkanda wa sita ulikuwa na nini? Na kwa nini uliwasha taa?

Mpwa wako.


11 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Natumaini u mzima na bwana harusi amekonda. Fundi hajambo, binti yake mkubwa anatarajia, na cherehani sasa inakimbia mchana kutwa kushona nguo ndogo ndogo. Nimechelewa kukujibu kwa wiki saba. Nilitaka kuandika kwamba sikuwa na karatasi, lakini utaniuliza maboksi mawili yalikwenda wapi.

Nianze na ukumbi, kwa sababu huko ndiko ninakoweza kuanza.

Baba yako alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Wiki ya tatu baada ya kumzika, mama yako alikuwa hali chakula, hatoki, hafungui hata dirisha. Nikamwambia njoo uketi gizani pamoja na watu, hakuna atakayekutazama. Filamu ilikuwa ya kinyozi mmoja mcheshi na mkewe. Ilikuja katika makopo sita ya bati. Katika mkanda wa tano yule kinyozi anakufa. Nilijua. Nilikuwa nimekusudia kushuka wakati wa mkanda wa nne, nimnong'oneze mama yako atoke nje kidogo. Lakini badala ya kutazama makopo nilikuwa natazama kupitia tundu, nikimtafuta yeye katika safu ya kumi, na mkono wangu ukachukua la tano kabla ya la nne.

Nilitambua kinyozi alipoanguka. Muda wa kufanya lolote ulikuwa umepita. Nikaendesha mkanda wa nne, kwa kuwa ndio uliokuwa tayari kwenye mashine ya pili, na mtu akaingia dukani kwake akicheka, ana kitana sikioni. Kimya chake ulikisikia. Makofi yake uliyasikia. Mimi nilichokiona ni mama yako amesimama na wewe mikononi, anacheka, machozi yanamtoka, anapiga makofi kwa kutumia mikono yako wewe.

Halafu nikashika kopo la sita. Linaanza na maziko.

Hapo sikukosea, mpwa wangu. Nililishika, nikalisoma, nikaliweka chini, nikawasha taa. Niliwaambia watu mkanda umekatika. Mwenye ukumbi alinisimamisha kazi wiki mbili kwa kosa la kuchanganya mikanda, nami nikaipokea adhabu ya kosa lile ili nisiulizwe la pili. Miaka yote nilijihesabia kuwa ni wema.

Sasa la pili. Jumatatu ya tarehe 22 Aprili nilikwenda kwenye magodoro saa tisa, kama kawaida. Barua yako ilikuwa mfukoni. Nilipotaka kuinuka, miguu ilikubali, pumzi ikakataa. Nililala pale pale. Yule mama akaja. "Mzee, leo umelala kweli." Alipoona uso wangu aliacha mzaha, akanifunika kwa shuka la dukani, jipya, karatasi ya bei ikinikuna shingo, akamtuma mtu kumwita fundi. Wakati wa kungoja nilikuwa chali, nayatazama yale matundu mawili ukutani. Kwa miaka yote nilikuwa nyuma yake. Sikuwahi kujua jinsi yanavyomtazama mtu aliye chini.

Nikakumbuka hesabu moja. Mkanda wa sita una dakika kumi na saba. Maziko ni dakika nne. Niliwasha taa kwa sababu ya dakika nne, nikawanyima watu mia nne zile kumi na tatu zilizobaki. Na mmoja wao alikuwa dada yangu.

Zilikuwa na nini, sikuandikii. Ukitaka, utakuja uniulize nikiwa na pumzi ya kujibu. Tarehe mpya ni 3 Juni. Nimeweka saini mwenyewe. Daktari ni binti mdogo kama wewe, ana mikono mikavu, nilimuuliza amewafanyia wangapi akanijibu bila kukasirika. Nampenda.

Usije kabla. Sitaki nyuso ndefu mlangoni. Na simu iache, sheria haijabadilika.

Mjomba wako.


18 Mei

Shikamoo Mjomba,

Salamu zote zipo, za fundi, za mjukuu wake mtarajiwa, za mama wa magodoro ambaye nitamletea zawadi. Niwie radhi, leo sina subira ya kuzipanga.

Naja. Nitapanda basi tarehe 1 Juni mchana, nifike kwako tarehe 2. Umesema nisije kabla. Nimesikia, na safari hii sitii. Niliwahi kungoja filamu iishe. Sura yangu haitakuwa ndefu, nitaikata kazini, nina vifaa.

Umenificha dakika kumi na tatu, basi nami nina mateka wangu. Ndani ya bahasha kuna mswada wa mzee wa bendera, kurasa themanini na tisa. Zipo tisini. Ule wa mwisho nimebaki nao. Mzee yuko stesheni, treni ya mwisho inaingia, kopo limefunguliwa na bahasha iko mkononi mwake. Je, kama akiisoma? Je, kama akipanda? Utalala mezani kwa daktari ukiwa hujui. Nakufahamu, Mjomba. Hujawahi kutoka ukumbini kabla ya mwisho.

Na ile karatasi ya tatu. Ulikosea kweli?

Mpwa wako.


1 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua hii haitapita posta. Nitakuletea mkononi, kwa kuwa nikijaribu kukuambia kwa mdomo nitacheka au nitalia, na wewe hupendi vyote viwili wodini.

Leo asubuhi nilipita kazini kuchukua koti langu kabla ya basi. Simu iko mezani. Ikalia. Namba yako.

Niliitazama. Sikuigusa. Nilisema moyoni, ni tarehe moja, bado siku mbili, haiwezekani. Na papo hapo nikajua kwamba yote yanawezekana, maana simu ni ya misiba na moto, na wewe huvunji sheria. Nitaongea na fundi, nikawaza. Atasema "pole". Ikalia mpaka ikakoma. Nilikaa chini kwenye sakafu, na dirisha lako liko wazi, na nje mafundi wanagonga bati kama kwamba hakuna lililotokea.

Ikalia tena. Bosi akaichukua. Akasikiliza muda mrefu, akinitazama. Kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Kuna mzee anafoka hapa. Sauti haitoki vizuri, lakini anafoka. Anasema kitanda kilipatikana mapema, wamemfanyia juzi, na anataka kujua ukurasa wa tisini uko wapi."

Mjomba! Nilipoipokea ukasema, "Usilie, dakika zinakwenda," na nesi akakunyang'anya simu. Nilimsikia. "Mzee, ulisema unapiga mara moja tu, jambo la dharura!" Nawe ukamjibu, "Na hili unaliitaje?"

Ukurasa huu hapa, naubandika nyuma. Anaisoma bahasha. Sisi hatuoneshwi kilichoandikwa. Anaikunja, anaitia mfukoni, anatoa bendera ya kijani aliyoiweka tangu siku ya kustaafu, anaipepea kwa treni kama ilivyo kanuni. Kisha anakimbia, kwa namna wazee wanavyokimbia, na anapanda behewa la nyuma. Kopo linabaki kwenye benchi, tupu.

Naenda kupanda basi.

Bi Maswali wako.


11 Julai

Mpwa wangu,

Nakusalimu nikiwa juu ya kiti changu mwenyewe, dirisha wazi. Natumaini ulifika salama na bosi hajauza koti lako. Fundi amepata mjukuu wa kiume. Ana sauti kubwa kuliko cherehani. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke. Siku zote kumi na saba ulizokuwa hapa daktari alinikataza kuzungumza sana, nawe ukazungumza kwa niaba yetu wote wawili, ukapalilia kaburi mpaka pakang'aa, ukamfundisha mama wa magodoro kusema "kata!" mteja anapobishania bei. Kwa hiyo deni langu la dakika kumi na tatu nalilipa kwa kalamu.

Maziko yanakwisha. Watu wanaondoka. Mke wa kinyozi anarudi, anapita mbele ya duka lililofungwa, anapita tena, mara ya tatu anaingia. Kiti kimoja, kioo, mikasi. Hajui kunyoa. Anafagia nywele za wateja wa mwisho wa mumewe, anazikusanya, anashindwa kuzitupa, anazitupa. Kisha anaugeuza ule ubao wa mlangoni, kwamba pamefunguliwa, na anangoja. Hakuna muziki. Anayeingia ni yule mzee mgomvi ambaye mikanda yote mitano alikuwa akigombana na kinyozi kwamba anamnyoa vibaya. Anaketi. Mwanamke anashika mkasi, anauliza, "Nianzie wapi?"

Mzee anamtazama katika kioo. "Anzia popote. Nywele huota."

Zinazobaki ni dakika nane za kunyoa, kunyoa vibaya mno, na nyuma yao mlango unafunguka, mtu wa pili anaketi kwenye foleni, na wa tatu.

Hizo ndizo nilizomnyima mama yako. Nilimpa mume anayerudi, nikamnyima mjane anayefungua duka. Unakumbuka karakana ya redio ya baba yako ilikaa na kufuli miaka mitatu? Nilikuwa napita pale kila siku na siri yangu. Mwaka wa tatu nikashindwa. Nikamsimulia mkanda wote, yeye amesimama mlangoni, ameshika beseni la nguo. Kesho yake wewe ulikuja kwangu ukikimbia, una vumbi kichwani, kuniambia mama amevunja kufuli.

Ukurasa wako wa tisini ni mzuri. Nimefuta sentensi moja, ile ya kopo kubaki tupu; ameshapanda, kopo halituhusu. Filamu hii uitengeneze. Nami nitaitazama nikiwa safu ya kumi, popote patakapokuwa, kwa hiyo usinicheleweshe na wala usinikimbize.

Umeniuliza mara tatu, mara moja kwa barua na mara mbili kwa mdomo, kama karatasi ile ya tatu nilikosea. Mkanda wa tano nilikosea, hilo nimekiri. Zaidi ya hapo, jua tu kwamba aliyefanya kazi yangu miaka thelathini na moja hujifunza kutazama kilicho nyuma ya kila anachokishika.

Inakaribia saa tisa, na mama wa magodoro ameahidi kuniwekea lile la maharusi. Nashuka. Ngazi nimezihesabu leo asubuhi: ni kumi na nne.

Mjomba wako.

Geuza.

*Nyuma ya karatasi:* Kliniki ya moyo. Ukurasa wa pili kati ya mbili. Tarehe 8 Julai. Mgonjwa: AMEFIKA. Tarehe ijayo: 7 Oktoba.